Mastaa Wawili Waliogoma Kufika wa Kwanza

Nilichoona kwanza ni viatu vyeupe chini ya mlango wa choo cha mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki.

Nusu saa nzima havisogei.

"Kaka Nehemia, unaumwa?" nikanong'ona.

"Shhh! Bonifasi kafika?"

"Bado."

"Akifika uniite. Staa hafiki wa kwanza, mdogo wangu."

Mimi naitwa Lyse, nilikuwa mpishi wa kambi ya filamu pale Ujiji. Nikaenda kuchukua kuni nyuma ya rundo la nyavu. Nani kajikunja pale? Bonifasi! Miwani nyeusi usoni, dagaa mmoja begani.

"Yule mshamba kafika?"

"Bado."

"Basi na mimi sijafika. Ukinitaja tutakosana."

Tatizo ni kamera. Ilikuwa ya kuazima, na saa kumi na mbili inarudi Kigoma mjini.

Dada Recho, dairekta wetu, anazunguka mchangani kashika kichwa.

"Lyse, hujawaona hawa watu?"

Nikatikisa kichwa.

Dada Recho alikuwa ameniandikia sentensi kwenye filamu. Moja tu: "Karibuni chai." Mimi niliyeishia darasa la tano, nikaikariri wiki nzima.

Juzi mastaa wakaifuta. Ndiyo siku pekee waliyokubaliana kitu: mpishi asiongee mbele yao.

Saa kumi na moja na nusu, Dada Recho akachana karatasi za maneno ya filamu.

"Basi! Wavuvi wangu wa kwenye filamu wamezama ziwani, wote wawili! Lyse, vua hiyo aproni. Wewe ni mke wa mmoja wao. Watangazie watu."

Kamera ikawaka. Majina ya kwenye filamu yakanitoka kichwani.

"Jamani! Nehemia na Bonifasi wamekufa!"

Kina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakaangua kilio. Cha kweli. Hawakujua kama tunaigiza.

Mlango wa choo ukafunguka, puu! Nyavu nazo zikatimka.

"Nani kafa?"

Wakakutana uso kwa uso.

"Umetoka wa kwanza!"

"Wewe ndiyo umetangulia, acha uongo!"

"Kata! Safi sana," akasema Dada Recho. "Nyie marehemu, nendeni mkapumzike."

Ndugu msomaji, ukitaka kujificha ili utafutwe, kwanza hakikisha kazi haiwezi kwenda bila wewe.

Na wewe Dada Recho, kama unasoma hapa. Watu wanasema sikuwataja kwa sababu ya woga.

Siyo woga. Nilinyamaza ili na mimi niongee.