Mshale Usiotikisika

Wasichana wengi wa Kampala wakienda Uarabuni huenda kufanya kazi za ndani, kwa hiyo majirani wa mtaa wa Old Kampala walishakata shauri kwamba Maimunah naye anafua nguo za watu. Wapi! Maimunah ni fundi katika kituo cha umeme wa nyuklia hukohuko Uarabuni. Pampu ikikwama, vali ikivuja, beringi ikipasuka, kile kipande kilichoharibika huletwa mezani kwake, na hakiondoki mpaka ajue kimekufa kwa nini.

Na kama unadhani kinachomtisha ni geji ya kupimia presha ya mashine ambayo mshale wake unarukaruka, umekosea. Huo uko hai, una la kusema. Unaomnyima usingizi ni ule uliotulia mahali pamoja siku nenda siku rudi, huku mashine inawashwa na kuzimwa. Huo umeshakufa, na bado unawaambia watu kila kitu ni shwari.

Sasa njoo kwa mama yake, Bi Zulaikha, mjane wa Kinubi, msusi wa makawa ya rangirangi ya kufunikia chakula, nyumba yake chini ya kilima cha msikiti. Kila Ijumaa Maimunah alipopiga simu, jibu lilikuwa moja: "Mzima kabisa, alhamdulillahi. Hakuna tatizo. Wewe fanya kazi yako." Binti alifurahi, akarudi kwenye vyuma vyake.

Ndipo Olivia, mpangaji wao Mkongomani anayesuka nywele, alipomtumia ujumbe: upepo umeng'oa mabati ya jikoni, mama amelala kwa jirani. Maimunah akapiga simu palepale.

"Mzima kabisa, alhamdulillahi. Hakuna tatizo."

Maneno yaleyale, kama mshale uliokufa. Mkataba wa miaka mitano ulikuwa unangoja sahihi yake. Akauacha ulipo, akaomba likizo.

Nyumbani alipokewa kwa vigelegele. Ua umefagiwa, chakula tayari, mama anapita huku na huku bila kujikwaa. Ila hapakuwa na kawa hata moja lililoanzwa. "Vidole vimechoka," mama akasema, akamimina chai. Maimunah akaona kidole cha mama kimeingizwa ndani ya kikombe, kinangoja chai ikifikie.

Wewe na mimi tungeuliza hapohapo. Maimunah anajua geji iliyokufa haiulizwi. Unabadilisha kitu, halafu unaangalia kama mshale utasogea.

"Mama, hili gauni jekundu limenipendeza?" Moyo ulimsuta hata kabla hajamaliza kusema.

Mama akamgeukia, akamtazama toka juu mpaka chini, akatabasamu. "Limekukaa kweli. Nyekundu ni rangi yako tangu utotoni."

Gauni lilikuwa la kijani, kijani cha majani ya ndizi.

Jamani, hasira! Maimunah alitaka kupiga kelele: unanidanganya mimi, mwanao wa kukuzaa? Lakini kazini kwao kuna desturi ambayo mwanzoni aliiona kama mzaha: anayekiri hitilafu hagombezwi, hushukuriwa kwanza, maana ukimgombeza leo, kesho atakuficha. Akameza hasira, akaushika ule mkono wenye kidole kilichoungua.

"Mama, gauni ni la kijani. Macho yalianza lini?"

Bi Zulaikha akatafuta meza kwa mkono, akaweka kikombe.

"Mwaka juzi. Yalianzia pembeni, kama mtu anafunga pazia polepole. Ningekwambia, ungeacha kazi. Sisi nani kwetu aliwahi kufika ulipofika? Nikuvute urudi kunishika mkono kunipeleka chooni?"

"Asante kwa kuniambia, Mama."

Mama alikuwa amejiandaa kwa lawama, akapewa asante. Ndipo akalia, kilio cha mtu aliyebeba mzigo peke yake mpaka shingo ikachoka.

Kesho yake wakaenda kwa daktari wa macho, mtaa wa Kisugu. Daktari hakuzungusha maneno: ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Nuru iliyobaki inaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asikose hata siku moja. Na dawa ikishindwa kutuliza presha? Awe anapimwa, na akiona nuru inapungua aseme mapema. Akinyamaza tena, giza.

Wakatoka, binti amemshika mama kiwiko, wanashuka taratibu pembeni mwa barabara.

"Rudi kazini," mama akasema. "Olivia atanitia matone. Nakuapia."

"Nitarudi kwa mwaka mmoja tu, kisha tutaona. Na nikikupigia, uniambie yote."

"Hata ya kipuuzi?"

"Hayo hasa. Haya, tujaribu sasa hivi. Hujambo, Mama?"

Mama akafungua kinywa, na yale maneno ya siku zote yakaanza kutoka yenyewe. "Mzima kabi..." Akasimama. Bodaboda ikawapigia honi, ikawakwepa, hakujali.

"Alhamdulillahi, lakini goti linaniuma. Dawa aliyonitia daktari inachoma. Olivia anakaanga samaki wa ziwani kutoka Ggaba kila siku, nguo zangu zote zinanuka. Mvua ikinyesha naogopa, mimi mtu mzima, naogopa! Na wewe umekaa huko mno. Nakukumbuka mpaka nakasirika, Maimunah. Nakasirika kweli."

Maimunah alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, katikati ya watu.

"Endelea, Mama," akasema. "Nakusikiliza."