Hodi ya Gitaa

Mama Vifungo alianza kujifunza ukulele, kile kigitaa kidogo, akiwa na umri wa kubembeleza wajukuu, na majirani walimcheka weee mpaka wakachoka. Maisha yake yote yalikuwa cherehani. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na suruali za wanaume wasiotaka kukubali kwamba wamenenepa. Sasa vidole vilevile vilihangaika na nyuzi nne za nailoni, na kila vilipokosea alivisonya kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Umaarufu hakuutaka. Alitaka hodi ya marehemu mumewe, basi.

Mumewe alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi, na katika ndoa yao yote hakuwahi kupiga hodi kwa mdomo. Akitoka mazoezini jioni, alisimama nje ya mlango, akalishusha gitaa begani, akapiga kodi moja ya jazi, lile fungu la sauti zinazopatana, akiivunja: sauti moja, nyingine, nyingine, zikipanda bila haraka hadi ile ya juu kabisa, tamu kuliko zote. Mama Vifungo alifungua mlango huku amejinunisha. "Wewe huna mkono wa kubisha kama binadamu wengine?" Mume alicheka tu. Jamani, mtu yule alijua kucheka!

Sauti ya mumewe ya kuongea ilikuwa imeshamtoka mjane kichwani. Alijaribu kuikumbuka, wapi! Iliyobaki ni ile hodi, nayo ilikuwa imeanza kufifia, jambo lililomtisha kuliko hata msiba wenyewe. Gitaa lisingewezekana kwa vidole vyenye baridi yabisi, ndiyo maana binti yake akamletea ukulele.

Mwalimu wake alikuwa Mapafu, mpiga tarumbeta wa bendi ileile, ambaye siku hizi akipanda ngazi mbili anatweta. Alikaa kwenye kiti cha wateja, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Usizikwaruze zote pamoja, shemeji. Moja moja. Hiyo ndiyo arpejio. Anza na uzi wa juu, kwa dole gumba."

"Mbona huu wa juu unalia kwa sauti nyembamba? Kwenye gitaa si ndio mnene?"

"Ukulele ndivyo ulivyo. Usigombane nao."

Aligombana nao. Kila asubuhi kabla ya wateja alirudia kodi ileile mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Pole pole ikaanza kufanana, ila haikufika. Mapafu aliporudi, alimkuta amefura.

"Imepungua sauti moja. Ile ya juu, ya mwisho."

"Kodi hii ina sauti tano, na wewe una nyuzi nne. Kwenye jazi tunaacha moja, sikio linaijaza lenyewe."

"La kwangu halijazi! Mume wangu hakuacha kitu. Nilikuwa naisikia kila jioni, kwa masikio yangu haya haya."

"Hebu piga tena."

Akapiga. Mapafu alifumba macho, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, mwishowe akawa anajifuta machozi.

"Shemeji, hiyo ya tano hakuipiga yeye. Nimesimama naye hapo mlangoni mara ngapi! Gitaa lake lilikuwa na nyuzi sita, angetaka angeipiga. Alikuwa anaiacha makusudi, anasubiri. Halafu wewe humo ndani, mguu kwenye cherehani, unaiitikia. 'Mmmm.' Alitukataza tusikwambie. Alisema ukijua tu, utaona haya, utaacha."

"Mwongo wewe," alisema Mama Vifungo, lakini bila nguvu.

Aliuweka ukulele vizuri kifuani. Akazipiga zile nne, moja moja, kisha akasubiri. Ile 'Mmmm' ikamtoka, nyembamba, ikikwaruza kidogo, ikakaa mahali pake bila kutafutwa.

Mapafu aligeukia dirishani ili amwache alie.