MaMthiyane na Basi la Gwamanda

MaMthiyane ana tabia moja ya kuudhi: hawezi kukaa bila kuuliza saa. Ni mpishi wa bweni la shule kule kwetu Mpumalanga, jirani na Hammarsdale, na nadhani ni kazi ya kulisha watoto wenye njaa kwa wakati ndiyo iliyomharibu. Lakini asubuhi ile ya Juni, giza bado limetanda, tumebanwa kwenye zizi la mwisho kabisa la wakimbiaji mbele ya ukumbi wa jiji la Durban, alinifikisha mahali nikatamani kumziba mdomo kwa soksi.

"Zibuyile, saa ngapi sasa?"

"Mama, umeniuliza sasa hivi."

"Hiyo sasa hivi imeshapita."

Sababu alikuwa nayo. Mbio hizi za kupanda kutoka Durban mpaka Maritzburg zina saa kumi na mbili tu. Zikiisha, mtu mmoja anasimama kwenye mstari wa mwisho, anawapa wakimbiaji mgongo ili asije akamwonea yeyote huruma, anafyatua bastola hewani. Aliyevuka kavuka. Aliyebakiza hatua moja ni sawa na aliyeshinda kitandani. Na ukimaliza mara kumi unapewa namba ya kijani. Inakuwa yako, na hata ukifa hapewi mtu mwingine.

MaMthiyane alikuwa amemaliza mara tisa. Mwaka juzi goti lilimwangusha njiani. Mwaka jana bastola ililia akiwa anauona mstari kwa macho yake, watu wakamdaka mikono asianguke. Mwaka huu nesi wa kliniki alikuwa amemwambia wazi kwamba goti lile halina mwaka mwingine ndani yake.

Mumewe alipofariki, shemeji yake alikuja na gari akachukua nyumba na vyote vilivyomo, mpaka masufuria. Siku hizi mama amepanga chumba cha uani kwa watu. Siku moja mazoezini, tukihema kando ya barabara, aliniambia, "Hiyo namba, mwanangu, shemeji hataipakia kwenye gari." Basi nilijua tunakwenda kutafuta nini.

Mwaka huu tuliamua kupanda basi. Basi letu halina magurudumu. Ni kundi la wakimbiaji wa polepole wanaokwenda pamoja nyuma ya dereva mwenye kibendera. Yeye ndiye anayepiga hesabu, wapi tukimbie, wapi tutembee, na abiria kazi yao ni kuimba na kumwamini. Sheria ya klabu yetu ni kwamba saa anavaa dereva peke yake. Abiria wanaacha zao nyumbani, maana basi lenye saa ishirini lina madereva ishirini.

Dereva wetu wa zamani alikuwa amepasuliwa jicho, kwa hiyo klabu ilimbembeleza Gwamanda. Huyu ni fundi bomba, mrefu kama nguzo, mtu wa mbio kweli. Miaka yote huanzia zizi la mbele na wenzake wenye mapafu ya farasi, na sisi tukifika yeye ameshaoga. Alikubali kukimbia na kobe kwa hisani tu, na tulimpenda kwa hilo.

"Wazazi wangu," alisema akiinua kibendera, "mtaingia mkiwa na dakika tano mkononi. Wasiwasi wote nipeni mimi. Hata wako, MaMthiyane."

"Wangu hautaenea mfukoni mwako," mama alijibu, watu wakacheka.

Mzinga wa kuanzisha mbio ukalia huko mbele. Sisi wa nyuma hatukusogea. Umati ule mbele yetu ulikuwa unamwagika taratibu, tukasimama, tukapiga hatua mbili, tukasimama tena, mpaka mwishowe tukavuka mkeka uliotandikwa kwenye mstari wa kuanzia na Gwamanda akabonyeza saa yake. Nilimwona akibonyeza. Sikuona ubaya wowote.

Njia nzima ya kupanda Cowies na Fields Hill, mama alimsumbua mtu wa watu. Saa ngapi? Tumebakiza ngapi? Mwalimu Cebisile, abiria mwenzetu ambaye ulimi wake haujui likizo, alimwambia, "Mama, tafuna kiazi. Unavibeba tu kama unavipeleka sokoni."

Mfuko wa viazi vya chumvi ulikuwa kiunoni mwake tangu alfajiri, na hakuwa amemeza hata kimoja. Kinywa chake kilikuwa na kazi ya kuuliza saa.

Karibu na Drummond, ukingoni mwa barabara, kuna kiti cha mawe cha bingwa mmoja wa zamani wa mbio hizi. Ukipita pale unamsalimia na kuacha ua, ili nusu ya pili ya safari ikuendee vyema. Mama alipita akiwa anauliza saa. Tulipofika mbali ndipo akakumbuka, akageuka kurudi. Kurudi! Tukamdaka kwa fulana.

"Nimekusalimilia," nilimdanganya. "Nimetaja mpaka jina lako."

"La kuzaliwa au la ndoa?"

"Yote mawili! Twende!"

Alikwenda, lakini nilimwona ameanza kukunja uso. Na mimi, sijui kwa nini, nikaambukizwa. Inchanga tuliipanda tukiimba, na mimi nikajikuta naangalia jua limefika wapi. Pale Cato Ridge majirani zetu walitupigia vigelegele na sahani, Gwamanda akawapungia kibendera kama bwana harusi. Alikuwa mtulivu kabisa, na utulivu wake ndio uliokuwa unatupa miguu.

Camperdown kuna kizuizi. Ukichelewa pale wanavuta kamba, unapandishwa gari, habari yako imekwisha. Gwamanda alikuwa ametuahidi tutapita na dakika kumi za akiba. Tulipokaribia nikaona watu wa kamba wameshaishika mikononi, na mmoja anapaza sauti, "Dakika tatu! Tatu! Kazaneni!"

"Huyo naye amelewa," alisema Cebisile.

Hakuna aliyecheka. Tulipita, na nyuma yetu niliwasikia wale wa kamba wakihesabu. MaMthiyane alipenya katikati ya basi mpaka mbele, akamshika Gwamanda kiwiko. Nilikuwa nyuma yao hatua moja.

"Gwamanda. Saa yako uliibonyeza wapi?"

"Palepale, mama. Kwenye mkeka."

"Kwenye mkeka, au kwenye mzinga?"

Nilimwona yule mtu mrefu akibadilika rangi. Huko mbele anakoanzia kila mwaka, mzinga na mkeka ni kitu kimoja. Ukisikia huu unakanyaga ule. Mkono wake ulikuwa umefanya ulivyozoea. Lakini zizi la mwisho husubiri, na mtu wa bastola huhesabu kuanzia kwenye mzinga.

"Dakika saba," alinong'ona. "Mama yangu wee. Dakika saba."

"Waambie."

"Nikiwaambia watakata tamaa hapahapa. Ngoja kwanza nipige hesabu ya—"

"Waambie, au nawaambia mimi."

Akageuka, akawa anakimbia kinyumenyume, akatuambia yote bila kujitetea. Basi letu likalipuka kwa kelele. Mmoja alimtukania mama yake mzazi. Cebisile alilia kwa sauti, kisha akafuta kamasi akachomoka mbio bila kuaga mtu. Mimi nilikuwa na hasira ya kuuma mtu. Ningekuwa na nguvu ningemchapa kwa kibendera chake mwenyewe.

Polly Shortts ni mlima wa mwisho, na mabasi hayaupandi kwa kukimbia. Watu hutembea, wengine huinama kuushika kwa mikono. Siku ile tuliambiwa tuukimbie. Chini yake paja langu la kushoto likakaza likawa jiwe. MaMthiyane akapunguza mwendo kunisubiri, goti lake lenyewe limevimba kama andazi.

"Nenda!" nilimwambia.

"Nikushike mkono, tujikokote wote."

"Mama, nitakuzaba kofi mbele za watu. Nenda! Shemeji yako anasubiri usikie bastola!"

Nilijua pa kumgusa. Alinitazama kwa hasira, akageuka, akaenda akichechemea, mdogo, mgongo umepinda, na sikuondoa macho yangu kwenye fulana yake mpaka kona ilipommeza. 

Gwamanda alibaki. Angeweza kuondoka, miguu yake ilikuwa haijaanza hata kuchoka, angewapita wote na kuwahi bila jasho. Badala yake alirudi nyuma ya kundi, akawa anatusukuma mmoja mmoja kwa kiganja mgongoni, anatuombea msamaha na kutuhimiza kwa pumzi moja. "Nisamehe dada, jikaze kisabuni. Nisamehe baba, mti ule tu." Wachache walisukumika. Sisi wengine tuliburuzika tu.

Tulipoingia uwanjani taa zilikuwa zimeshawashwa na watu wanapiga makelele kiasi kwamba huwezi kusikia pumzi yako. Mbele kabisa, kwenye nyasi, nikaiona fulana ya mama. Nikamwona na mtu wa bastola, anatembea taratibu kwenda kwenye mstari, anageuka, anawapa mgongo. Mama alikuwa anayumba. Watu warefu wakaniziba. Nikapiga kelele jina lake, la kuzaliwa na la ndoa.

Bastola ikalia.

Wasimamizi wakashikana mikono kuziba njia. Nilifika nikawagonga kifuani. Medali yangu ya kwanza ilikuwa nyuma yao, karibu kiasi cha kuitemea mate. Lakini sikuitazama. Nilikuwa natafuta chini, kati ya miguu ya watu.

Alikuwa ndani. Ameketi kwenye nyasi, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, mmoja wa wakubwa wa mbio wenye makoti amemwinamia akimweleza jambo, na yeye anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ni ya kumi. Nililia pale bila aibu yoyote.

Gwamanda alisimama ubavuni mwangu, nje, kibendera kimelala begani. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto na anautazama. Na mimi nikatazama. Saa yake ilikuwa bado inahesabu, na kwa hesabu yake tulikuwa tumebakiwa na dakika sita.

MaMthiyane akajiinua, akachechemea mpaka pale tulipozibiwa. Siku nzima alikuwa anauliza saa. Sasa hakuuliza. Alipitisha mkono kati ya wasimamizi wawili, akaifunika saa ya Gwamanda kwa kiganja chake, akaishikilia hivyo, na yule bwana mrefu akaanza kutetemeka mabega.

"Haya, basi, baba," alimwambia. Kwa mkono mwingine akafungua mfuko wa kiunoni. "Kula kiazi. Zibuyile, na wewe chukua. Vimepoa, lakini chumvi ipo."