Ukoko wa Jiwe la Nalufenya

Marehemu Gidudu alikuwa fundi mawe, na mdomo alikuwa nao. Hakupita jiwe bila kulihubiri. "Nambozo," alizoea kumwambia mkewe, "waona huu ukoko?" Akimwonyesha yale madoa ya kijivu na manjano yaliyong'ang'ania mwambani kama wali ulioungua chunguni. "Usidhani ni uchafu. Unaishi huu. Hukua kwa mwendo wa kinyonga, na ukiligeuza jiwe likapoteza upande wake wa jua, unakufa." Nambozo alikuwa akimcheka. Baadaye angetoa chochote amsikie akihubiri tena.

Gidudu aliuawa Jinja mwaka wa sabini na tisa. Askari waliokuwa wakikimbia vita walimtaka baiskeli, naye akachelewa kushuka. Nambozo na jirani yao Romano walimzika haraka bustanini mwa nyumba waliyopanga, pale Nalufenya, timazi lake la kunyooshea kuta likiwa mfukoni. Msalaba hawakuweka, maana siku zile hata kilio kiliogopwa. Alama yao ilikuwa jiwe lililokuwapo papo hapo, lenye madoa matatu yaliyokaa kama mafiga, kila moja sawa na ukucha wa kidole gumba. Nambozo akaapa atarudi kumchukua, akalale kwao Nabuyonga, Mbale.

Lakini vita vilizaa vita. Romano naye akafa. Miaka tisa ilipita ndipo njia zikatulia, na Nambozo akashuka Jinja na shemeji zake wawili na sanduku jipya.

Masalale! Palipokuwa na mihogo sasa palikuwa na migomba, mvule uliokuwapo umekatwa, na mawe yote ya bustani, zaidi ya ishirini, yalikuwa meupe pe! Mzee Mugweri, mpangaji mpya, aliwapokea akitabasamu. "Karibuni! Juzi tulikuwa na wageni wa serikali, tukapaka chokaa kila kitu, mawe na miti. Si pamependeza?"

"Bwana wee, umenipakia mume wangu chokaa!" Nambozo akaketi chini, akalia kilio alichokizuia miaka tisa.

Mugweri alipoelezwa, tabasamu lilimtoka. Shemeji mkubwa akanong'ona kwamba warudi tu, wakazike shina la mgomba, kama wafanyiwavyo waliopotea.

"Gidudu hakupotea," Nambozo akajibu. "Mimi ndiye niliyemweka."

Akaanza kupapasa jiwe baada ya jiwe. Chini ya chokaa jiwe tupu ni laini, ukoko hukwaruza. Jua lilikuwa limeshainama kiganja chake kilipokwama. Moja. Mbili. Tatu. Akafuta kwa leso yake. Madoa yalikuwa hai, tena yamekua, kila moja sasa sawa na kizibo cha soda.

"Ala! Kumbe mlikuwa mnakua," akasema, akicheka na kulia.

Wakachimba. Timazi ndilo lililotoka kwanza.

Kule Nabuyonga, kaburi lilipofukiwa, lile jiwe likawekwa kichwani. Mugweri, aliyefuatana nao kutoka Jinja, alilibeba mwenyewe begani, hakukubali kupokewa. Watu wa kanisa wakaja na ndoo ya chokaa kupapendezesha, naye akawahi kuikalia ile ndoo. "Huyu hapakwi!" Waombolezaji wakaangua kicheko.

Nambozo hakuwa nao. Alikuwa amepiga magoti, akiligeuza jiwe kidogo kidogo hadi madoa yakaelekea mawio, kama yalivyokuwa Jinja.

"Hivyo, fundi?" akauliza kwa sauti, akimsubiri amkosoe.