Asante Baada ya Fimbo

Kwa baba mdogo, aliyetulea huko Songwa baada ya wazazi wetu kufariki, adhabu haikuishia kwenye fimbo. Ukishachapwa ulipiga magoti, ukaipokea fimbo kwa mikono miwili ukairudisha ukutani, ukasema, "Asante, baba." Kisha alikupa kipande cha nyama kutoka kwenye bakuli lake. Mdogo wangu alitafuna huku kamasi zikimtoka. Majirani walisema nyumba ile ina malezi, nami niliamini hivyo. Hata nilipoacha shule darasa la sita nikalime pamba ili wadogo zangu wasome, sikuwahi kulifikiria jambo hilo mara mbili.

Mwaka jana jirani wa mdogo wangu yule, aliyeolewa huko Geita, alinipigia simu. "Dada, njoo umwone mwenyewe." Nilipanda basi la kwanza. Kila liliposimama nilishuka, nikazunguka bila haja, nikapanda tena. Kondakta akaniuliza kama naumwa.

Nilimkuta uani anapepeta mahindi. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hadi halifumbuki.

"Nani kafanya hivyo?"

"Karibu kwanza, dada. Hata maji hujanywa."

"Nimeuliza nani."

"Nilimjibu mbele ya wachimbaji wenzake. Nilikosea."

Mumewe akaingia, vumbi la shimoni bado limo kwenye nyusi, mfuko wa nyama mkononi. "Shikamoo, shemeji! Ungesema unakuja tungekuchinjia. Sasa utakula hii hii."

Mdogo wangu akapiga magoti, akaupokea mfuko kwa mikono miwili. "Asante, baba."

Sauti ilikuwa ile ile ya utotoni. Sikuitikia salamu ya shemeji. Nilisimama tu, mkoba begani, mpaka alipokwenda kuoga.

"Fungasha," nikasema.

"Ananipenda, dada. Asingenipenda angeninyamazia tu. Kwani baba mdogo hakutupiga? Na tukakua."

"Tulikuzwa na ugali, siyo fimbo."

Akacheka, halafu akashika shavu. Kicheko kilimuuma.

Shemeji alirudi anajifuta maji. "Mbona hukai? Unaondoka lini?"

"Nikiwa naye."

"Huyu ni mke wangu."

"Ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni kabla hujajua kama yupo."

Akacheka kwa nguvu. "Mchukue basi, ukamlishe wewe! Wiki haiishi atarudi hapa anatambaa."

Mdogo wangu alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi. Akaiweka nyama juu ya ungo, akaingia ndani, akatoka na nguo zake ndani ya khanga.

"Twende haraka, dada," akaninong'oneza, "kabla hajaniomba msamaha."

Sasa tunaishi wote kwangu, Mhunze. Simu yake ikiita huenda kuipokea nje, nyuma ya nyumba. Nami huacha ninachofanya, nikasimama mlangoni hadi arudi.