Mbuzi wa Mahari Waliopita Njia ya Bure

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu Saidi, ingawa hakuna baya lililotokea. Nilitumwa kutoka Handeni nipeleke Kwamndolwa, kule Korogwe, mbuzi wa mahari ya kaka yangu. Njia ya vijijini ilikuwa ndefu, na kila ulipolaza mifugo ulilipia zizi na maji. Ya porini ilikuwa fupi na ya bure, nami nilishaizoea kwa kupeleka kuku wangu sokoni. Nikapita porini. Mbuzi wakafika wote, nami nikafika kifua mbele.

Mjomba wangu aliyenipokea kule hakunisifu.

"Umepita wapi?"

"Porini, mjomba. Mbona wamefika?"

"Wamefika. Wangechukuliwa, nani angesema amewaona? Kule vijijini hulipii maji tu, unalipia na watu wa kukushuhudia. Harusi ya mwenzio si kuku wako."

Nilinuna, nisikufiche.

Jana uliniambia wakulima wa Mpale wamekukabidhi akiba yao yote uwanunulie pampu ya kumwagilia kutoka nje, ulipe kwa dola za kidijitali, na kwamba umepata mtandao wa blokucheni, wa kupitishia pesa hizo, wenye ada ndogo kuliko yote. Nikakuuliza kama ni salama. Ukajibu, "Mbona zangu hufika kila mara, baba." Hapo nilijisikia mimi mwenyewe nikimjibu mjomba.

Umenieleza mwenyewe kuwa kila mtandao una kompyuta za kuhakiki malipo. Kwingine ni nyingi, za watu wasiojuana. Kwingine ni chache, za watu wachache, kama njia ya porini isiyo na mashahidi. Basi vijisenti vyako vipitishe kwenye rahisi, vikipotea utanuna peke yako. Akiba ya Mpale ipitishe kwenye mtandao wenye wahakiki wengi, uliotumika miaka mingi bila kuyumba, hata kama ada itakuuma. Sisemi kila cha ghali ni salama, chunguza. Ila kwanza muulize muuzaji anapokea kwa mtandao upi, maana ukikosea hapo pesa huenda zisirudi. Tuma kidogo, ngoja akuambie zimefika, ndipo utume zilizobaki. Na ada yenyewe itaje mbele ya kikundi bila kuona haya.

Wale wakulima wa Mpale hawaujui mtandao wowote, mwanangu. Wanakujua wewe. Mungu akuongoze mkono, na mashamba yao yapate maji.