Siku Baba Alipoingia Chamani

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi, nilisoma hadi darasa la nne tu.

Juzi mjini Kitale watu walisimama D.C. alipoingia barazani, nikamkumbuka baba. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na mguu mmoja, akanipeleka Bungoma kwenye chama kilichokutana kila Alhamisi kusaidia askari kama yeye. Chumba kilinukia chai ya moshi. Mkongojo wake ulipogonga sakafu, watu wote walisimama. Nilidhani wanaondoka kwa sababu ya ule mguu.

“Baba, turudi, hawatutaki.”

“Tulia, mama,” akacheka; ndivyo alivyoniita mimi binti yake. “Wanasimama ili mimi nikae.”

Hata mwenyekiti alingoja baba akae kwanza.

Kama mzazi wako naye aliwahi kuinukiwa hivyo, tafadhali niandikie.